Mgeni Siku Mbili, ya Tatu Mpe Jembe



Upepo wa kusi umeshika. Kila mwaka msimu huu ukifika, vyuo vya Ulaya na Marekani vinafungwa, na vichochoro vya Mji Mkongwe vinajaa wageni wa aina mbili. Wa kwanza ni watalii. Hao tumewazoea: wanakaa siku zao nne tano, wanapiga picha milango ya Hurumzi, wanakula pweza Forodhani, kisha wanaelekea Nungwi au Paje. Wa pili ni wale wanaobeba madaftari. Utawaona saa moja na nusu asubuhi wanakata njia kuelekea Vuga, kijana wa Kijerumani, binti wa Kimarekani, Mjapani, Mpolandi, midomo inawachezacheza, wanakariri ngeli. Hao wamekuja kusoma, na wengi wao wanakaa majumbani mwetu, mwezi, miezi miwili, pengine muhula mzima.

Leo nataka tuzungumze juu ya hawa wa madaftari. Nataka tutazame maisha yao ya kila siku hapa kwetu, na zaidi tutazame namna sisi wenyeji tunavyoishi nao, kwa sababu ninaamini kwa dhati kwamba tunawapokea vizuri sana na tunawasomesha vibaya.

Kwanza tuelewane kwamba mji huu haukuanza jana kupokea wanafunzi. Kabla Makerere haijafunguliwa mwaka 1922, watu walikuwa wakifunga safari kutoka Lamu, Barawa na Ngazija kuja Unguja kutafuta elimu ya dini. Sheikh Abdallah Bakathir mwenyewe alikuwa mtu wa Lamu. Alikuja hapa, akasoma, akasomesha, na madrasa yake ya Ukutani ikajulikana pwani nzima. Mwalimu wake na mwenziwe, Sayyid Ahmed bin Sumeit, alizaliwa Ngazija, akawa kadhi wa Unguja. Wote wawili walifariki hapahapa mwaka 1925. Kwa hiyo mtu kutoka ng'ambo kuja kusoma kwenye mitaa yetu, akala chakula chetu na kulala chini ya dari zetu za boriti, ni mambo waliyoyajua babu zetu na babu zao.

Hata Mzungu anayekuja kujifunza Kiswahili ana historia ndefu kwetu. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na misheni ya Kikristo ya UMCA. Miaka sita baadaye, mwaka 1870, alichapisha London kitabu cha hadithi za Kiswahili alizosimuliwa na watu wa hapa, na mwaka huohuo kikatoka kitabu chake cha kufundishia lugha. Tuiweke kando dini yake na siasa za zama zake. Ninachokitaka kwake ni kimoja tu: alijifunza kwa kukaa na watu na kuwasikiliza, na wengi wa watu hao hawakuwa na lugha nyingine ya kumjibu. Alipouliza kwa Kiswahili alijibiwa kwa Kiswahili, apende asipende.

Mwaka 1928, kwenye mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki. Tangu hapo anayetaka kukisikia Kiswahili hicho kwenye chimbuko lake anaelekezwa Unguja. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 wageni wamekuwa wakipita TAKILUKI pale Vuga, yaani Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, ambayo leo iko ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kusomesha mwaka 2001. Wengine huja kusoma mambo ya bahari na misitu, wakashinda Chwaka na Jozani. Wengine huja kujifunza kupiga kanuni na fidla kwenye Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002. Nasema haya ili ujue kwamba binti yule unayempisha kwenye kichochoro cha Kajificheni hakupotea njia. Amekuja pahala panapojulikana kwa kusomesha.

Sasa tuitazame siku yake.

Anaamshwa na adhana ya alfajiri, na kwa kuwa Mji Mkongwe misikiti yake imekaribiana, adhana moja haijesha nyingine imeanza. Maji ya bomba yakiwa yamekatika anaogea ndoo na kopo. Chai ni ya maziwa au ya rangi yenye mdalasini na iliki, kwa mkate wa ufuta au maandazi. Saa mbili yuko darasani. Saa saba anarudi na jua la utosi, anapotea kidogo kwenye vichochoro, watoto wanamshika mkono wanamrejesha. (Watoto ndio walimu bora kuliko wote, nami nalisema hili bila kutia chumvi. Hawana Kiingereza cha kumjibu, hawana haya ya kumsahihisha, na wakishamsahihisha wanaendelea na mchezo wao.)

Tatizo linaanza akishavuka kizingiti cha nyumba yetu. Nyumba nzima imekaa mkekani, sinia moja, wali wa nazi na mchuzi wa changu. Yeye amewekwa mezani peke yake, na sahani yake, uma wake, yai lake la kukaanga na mbatata zake za kukaanga, kwa kuwa tumejiambia kwamba wali kila siku hatauweza. Akinyanyuka kuchukua sahani yake akaioshe, anazuiwa: "Aa, wacha mwanangu, kaa, wewe mgeni." Akiuliza kitu kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno, kijana wa nyumba anamdaka kwa Kiingereza. Akisema "asante" tu, ukumbi mzima unamsifu kuwa Kiswahili amekimaliza. Usiku anapanda chumbani kwake, anafungua daftari, anaandika sentensi zilezile za darasani, kwa sababu nyumbani hakupata mpya.

Simlaumu kijana wetu. Anajua kwamba hoteli za Kiwengwa na Nungwi zinamtaka mtu wa kusema Kiingereza, na mwalimu wa bure amekaa sebuleni kwao. Haki yake nayo iko. Lakini haki hiyo ina njia yake. Wakubaliane saa moja ya Kiingereza baada ya isha, kisha saa zilizobaki ziwe za Kiswahili. Wapo waliofanya hivyo mtaani kwetu na wote wawili wakafaidika.

Wala simlaumu mama wa nyumba. Anafanya kama alivyolelewa, na mgeni kwetu ana heshima yake. Isitoshe, familia inalipwa kwa kumweka mwanafunzi yule, na mama ana khofu kwamba akimtia kazini, khabari zitafika kwenye ofisi iliyompanga kwamba mtoto wa watu anafanywa mtumishi. Khofu hiyo naielewa. Ila wahenga hawakusema mgeni akae mgeni hadi siku ya kuondoka. Walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na hawakusema hivyo kwa uchoyo. Anayepewa jembe ameshaingizwa katika watu wa nyumba.

Nitakupa mfano wa nyumbani kwetu, Kiponda. Tulikuwa na binti kutoka Ujerumani, mpole, mwenye adabu, darasani wakimsifu. Nyumbani hasemi. Anaamkia wakubwa, anakula, anapanda juu. Siku moja wifi yangu aliyekuwa akishughulika jikoni alikuwa mgonjwa, na mama mkwe, ambaye Kiingereza hakijui hata cha kuombea maji, akamwita: "Mwanangu, njoo unikunie nazi."

Binti akashuka. Akafungwa kanga kiunoni, akakalishwa juu ya mbuzi, kifuu akakishika kwa mikono miwili, akaanza. Mwanzo alisugua pahala pamoja tu, nazi ikawa inatoka mabonge. "Zungusha, zungusha," mama akamwambia, "usikae pamoja. Na ukifika kwenye weusi simama, utatutilia kifuu ndani ya tui." Nazi ikawa inashuka bakulini nyeupe, laini. Kisha likaja la kukamua: maji ya vuguvugu, vidole viingie, chujio lishikwe imara. Tui zito likawekwa kando, jepesi likatangulia chunguni. Machicha wakapelekewa kuku. Tui zito lilipotiwa mwisho akapewa upawa na amri moja: koroga, usiwache, litakatika. Yeye akauliza: "Likikatika, inakuwaje?" Lilikuwa swali lake la kwanza tangu afike ambalo hakulitoa kitabuni. Mama akamweleza, wifi mwingine akadakia, jirani aliyekuja kuomba kitunguu naye akatia lake, na kwa muda wa chungu kile kuiva, binti yule alisikia Kiswahili zaidi ya alichokisikia kwetu tangu siku aliyoingia. Na alikisikia kwa mwendo wake wa kawaida, bila mtu kumpunguzia kasi.

Baada ya hapo akawa wa kutumwa. Akatumwa dukani chumvi na kibiriti. Akatumwa kwa jirani kupeleka sahani ya vitumbua, akarudi na sahani ileile ina ndizi, akashangaa. Akaelezwa kwamba sahani ya jirani hairudishwi tupu. Alipofika kukaa mkekani na kutia mkono kwenye sinia hapakuwa na aliyemkaribisha rasmi. Alikaa tu, kwa sababu chakula kile alikipika yeye pia. Alipoondoka alikuwa anagombana na watoto kwa Kiswahili, na mtu anayeweza kugombana kwa lugha, hiyo lugha ameipata.

Kwa vijana wa kiume mambo ni hayo hayo, ingawa pahala ni pengine. Kaka yangu hukaa baraza ya Jaws Corner kila jioni, kwenye kahawa, kashata na siasa, na kila msimu huja kijana mgeni akasimama pembeni na kamera. Kaka yangu humsogezea nafasi, humtilia kikombe na humwuliza kwa Kiswahili: "Wewe Simba au Yanga?" Hapo hana pa kukimbilia, sharti ajibu, na akijibu vibaya kwa upande mmoja wa baraza atalazimika kujitetea. Mwache akae hapo wiki mbili. Mfundishe bao. Siku ya tatu mpe kapu umtume Darajani akalete samaki.

Na hapa sokoni nina neno zito. Soko lile la Darajani limekuwapo tangu mwaka 1904, limelisha mji huu vizazi kwa vizazi, na lina wachuuzi waungwana. Lakini wapo wanaomwona mwanafunzi huyu na bei ikapanda papo hapo. Anauliza kwa Kiswahili safi, anatajiwa bei mara mbili, na akilalamika anachekwa. Hili ni baya. Mwanafunzi anayeishi Mkunazini kwa fedha kidogo za ufadhili, anayenunua samaki kwa ajili ya chungu ambacho watoto wa Mkunazini watakula, ni mtu wa mtaa. Kumpandishia bei ni dhulma kwa nyumba iliyomtuma. Tena inamfundisha kwamba kujua Kiswahili hakuna faida, kwa kuwa mwenye Kiingereza na mwenye Kiswahili wote wanakamuliwa sawasawa.

Ukiwauliza wanafunzi hawa kilichowawia kigumu Unguja, wengi hawatakutajia maji wala umeme. Watakutajia kutokuwa peke yao. Anatoka mlangoni anaulizwa: unakwenda wapi? Anarudi: ulikuwa wapi? Umekula? Umekula nini? Mbona umenyamaza? Mbona umekonda? Kwao maswali kama hayo huulizwa na askari au na mzazi mwenye hasira. Anahisi anapelelezwa. Basi anajifungia chumbani apumue, na chini ukumbini sisi tunaanza kunong'ona: kakasirika? Kaumwa? Tumemkosea nini? Mama anapanda kugonga mlango, hodi, hodi, na kadiri anavyogonga ndivyo mwenzake anavyozidi kutaka kukaa peke yake. Nimeliona hili likiharibu mahusiano ya watu wema kwa watu wema. Dawa yake ni kuambiana mapema. Mwambieni wiki ya kwanza kwamba kumwuliza mtu anakokwenda kwetu ni kumjali, na kwamba jibu la "natembea tu" linatosha. Naye mumwache saa zake za kujifungia, kwa kuwa kwao kukaa peke yako si alama ya ghadhabu.

Wenzetu waliotoka hapa kwenda kwao walikutana na kinyume chake, na tungewasikiliza hao tungeelewa mengi. Amur bin Nasur, Mzanzibari, alikwenda Berlin mwaka 1891 kuwasomesha Wajerumani Kiswahili kwenye Seminari ya Lugha za Mashariki, akaandika kwa Kiswahili khabari za aliyoyaona kule. Baada ya Mapinduzi ya 1964 vijana wengi wa Unguja na Pemba walipelekwa masomoni Ujerumani Mashariki, Urusi na China. Sisi Ujerumani Mashariki tunaikumbuka kwa maghorofa ya Kikwajuni na Michenzani, lakini wapo wazee miongoni mwetu wanaoikumbuka kwa baridi yake na kwa ngazi za majumba ambazo jirani anakupita asikuamkie. Mwanafunzi mgeni aliyefika kule alipelekwa kwanza Taasisi ya Herder, Leipzig, akasomeshwa Kijerumani, kisha ndiyo akaanza fani yake. Dukani hakuna aliyemjibu kwa Kiswahili. Kwenye basi hakuna. Ugonjwa wake aueleze kwa Kijerumani au akae nao. Wakarudi wanakisema, na baadhi yao mpaka leo wakikutana wawili barazani wanakitumia wakiwa hawataki tuwasikie. Upweke ule simtakii mtu. Lakini walisomeshwa na dharura, na sisi tunawanyima wageni wetu dharura hiyo kwa kuwahurumia kupita kiasi.

Tutoke mjini kidogo. Mwanafunzi akishapata ujasiri hupanda daladala ya mbao kwenda shamba, na safari ile ni darasa peke yake. Anakaa ubao wa pembeni, magoti yamegusana na ya bibi aliyebeba kapu la dagaa, mtoto wa mtu anawekwa mapajani mwake bila kuulizwa, utingo anapiga bati kusimamisha gari, na kabla ya kufika Tunguu gari zima linajua jina lake, nchi yake na kama ameolewa. Mwezi wa Julai wengi hushuka Makunduchi kutazama Mwaka Kogwa, wakaona wanaume wanavyopigana kwa migomba na kibanda cha makuti kinavyochomwa moto. Kule hugundua jambo jingine: vikongwe wa Makunduchi wakianza lahaja yao ya Kikae, hata mimi wa mjini nasikia nusu. Hili humtia moyo mwanafunzi. Anaona kumbe hata wenyeji wanasikiliza kwa bidii.

Ila mashambani nako tuna jambo la kusahihisha, na safari hii nasema na wanaokuja. Wanawake wanaolima mwani Paje na Jambiani huingia baharini maji yakipwa, na saa zile ni za kazi. Mwanafunzi wa utafiti huwafuata na karatasi zake, akauliza unavuna kilo ngapi, unalipwa kiasi gani, una watoto wangapi. Mwakani huja mwingine na maswali yaleyale. Nimewasikia wanawake hao wakisema kwamba wameulizwa sana na hawajawahi kuoneshwa kilichoandikwa. Basi wewe uliyekuja kusoma, ingia kwanza majini ufunge mwani pamoja nao, uulize baadaye. Na ukimaliza kuandika, wapelekee kurasa mbili kwa Kiswahili, zisomwe mbele yao. Deni hilo ni la kila aliyekalishwa mkekani akapewa dafu.

Najua baadhi yenu mnanisikiliza sasa hivi, kwani walimu huwapa kazi ya kusikiliza redio. Karibuni sana, wanangu. Mkiingia nyumbani kwa mtu pigeni hodi, vueni viatu, waamkieni wakubwa kwanza kabla ya kuuliza lolote. Magoti na mabega yafunikwe mjini. Ufukweni kuna mavazi yake. Ikiwa ni Ramadhani, msile njiani mchana, na magharibi kaeni na watu kwenye futari hata kama hamkufunga, maana uji wa pilipili manga na mihogo ya nazi havitakuwa na ladha ile ukivila peke yako. Kamera iulizieni ruhusa. Na mtu akiwajibu kwa Kiingereza, msinyamaze. Mwambieni kwa adabu: "Samahani, naomba unijibu kwa Kiswahili." Mna haki hiyo, mmesafiri mbali kwa ajili yake.

Liko jambo linaloniuma, nami sitalificha. Wao huja kwetu kwa makundi kila msimu, na wetu huenda kwao kwa kubahatisha. Binti yangu amewasomesha Kiswahili wanafunzi wa nchi ambazo yeye hajui kama atapata viza ya kuzikanyaga. Vyuo vinavyoleta vijana wao majumbani mwetu vingetenga nafasi, hata chache, kwa ajili ya vijana wa nyumba hizo na wa vyuo vyetu kwenda kukaa majumbani mwao. Wenye mamlaka ya elimu Zanzibar wanapoandikiana mikataba na vyuo hivyo wana kila sababu ya kuliweka hilo mezani. Ndugu zetu wa Bweleo wanajua kwamba mambo yanaweza kupangwa: mwaka 2023 tawi la chuo cha IIT Madras cha India lilifunguliwa huko, na sasa wanafunzi wa nchi mbalimbali wanakutana Unguja kwa masomo ya kompyuta. Masomo yao ni kwa Kiingereza, na watakaa miaka, si wiki. Hao nao watamaliza digrii wasijue kununua muhogo, tukiendelea na tabia yetu hii.

Kwa hiyo ombi langu ni la wiki hii hii, kabla kusi haijatulia. Ofisi zinazopanga wanafunzi majumbani, andikeni wazi kwenye makubaliano yenu kwamba mwanafunzi atashiriki kazi za nyumba, ili mama asiogope. Akina mama, mkimaliza siku zenu mbili za kumkirimu, mwondoeni mezani mkamkalishe mkekani, mumpe mbuzi, ufagio na kapu. Wachuuzi wa Darajani, mpeni bei ya mtaa. Na nyinyi vijana wetu, akikosea msimcheke mpaka akaona haya, na akisema sentensi moja msimwambie amekimaliza Kiswahili. Msahihisheni, mumwachie aseme tena, kisha mumjibu kwa Kiswahili.